Fundo Halikolezi Mboga

Fundo halikolezi mboga. Nilimwambia mjukuu wangu Yusta hivyo juzi mchana, mwiko ukiwa mkononi, naye akanitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kunikalisha. Kaka yake Festo akacheka. Nikasema haya, kwa kuwa mmecheka, Festo atatwanga hii sombe, haya majani ya muhogo, Yusta atachagua karanga, na mimi nitawaeleza neno hilo lilikotoka. Yusta akaangalia saa. Nikamwambia saa kumi bado iko mbali na sombe haipikwi kwa pupa. Niliwapikia wanafunzi wa bweni miaka ishirini na sita, najua ninachosema.

Kilicholeta maneno ni hiki. Chama chetu cha akiba pale mjini kimetikisika. Mwenyekiti hajaonekana wiki mbili. Mmoja anasema fedha zimeliwa, mwingine anasema zimezama kwenye mahindi, na tangu Jumatatu watu wanapanga foleni mlangoni toka alfajiri wakitaka chao. Nje ya geti amekaa bwana mmoja kwenye kiti cha plastiki, ananunua vitabu vya akiba vya watu kwa nusu ya kilichoandikwa ndani. Yusta ameweka humo miaka mitatu ili anunue cherehani ya pili. Alikuja kuchukua na kitabu changu, akauze vyote viwili kabla yule bwana hajafunga saa kumi.

Nilimwuliza swali moja tu. Kama mle hakuna kitu, yule bwana ananunua nini?

"Sijui, bibi," akasema. "Ila kila mtu anauza."

Ndipo nikamwambia fundo halikolezi mboga. Nao wakataka kujua fundo gani na mboga gani.

Chanzo chake kiko kwetu Kamunyu. Zamani za mababu wa mababu, kabla ya shilingi na kabla ya rupia, fedha ya Kamunyu ilikuwa chumvi. Festo alikunja uso hapo, nikamwambia aukunjue aendelee kutwanga. Kule kuna chemchemi za maji ya chumvi. Kiangazi kikiingia wanawake waliyachota, wakayachemsha kutwa nzima kwenye vyungu, na kilichobaki chini kilikuwa chumvi nyeupe, kali. Waliifunga kwa magome makavu ya mgomba, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, wakaikaza kwa kamba. Hicho kiliitwa kifurushi, na si hivi vifurushi vyenu vya simu vinavyoisha mtu akiwa bado anasema haloo. Kile ulikitundika juu ya moshi wa jiko kikakaa miaka.

Kwa kifurushi kimoja ulipata jembe. Kwa vinne ulipata mbuzi. Kwa arobaini ulioa. Na kwa kuwa kila mtu alivipokea, watu waliacha kuvifungua. Kifurushi kilitoka kwa mhunzi kikaenda kwa mkunga, kutoka kwa mkunga kikaenda kwa mganga, kikazunguka nyumba kumi na kumrudia aliyekifunga, kimeongezeka masizi tu. Chumvi ya kupikia ilikuwa nyingine, ile iliyobaki kwenye kingo za vyungu, nayo ilikaa kwenye kibuyu jikoni.

Sasa utajuaje kifurushi ni cha nani? Kwa fundo. Kila nyumba ilikuwa na fundo lake, mama akimfundisha binti au mke wa mwanawe. Fundo lililoaminiwa kuliko yote lilikuwa la masikio mawili, la nyumba ya mwanamke aliyeitwa Mama Buhoro. Ukitoa kifurushi chenye masikio mawili, mtu alikipokea huku anaongea na mwingine.

Na kulikuwa na adabu moja. Mtu akikupa kifurushi, hukifungui mbele yake. Kukifungua ni kumwita mwizi. Ni kama kumwuliza mwenye mtoto kama ana hakika mtoto ni wake.

"Hata kuchungulia?" Yusta akauliza.

"Hata kunusa."

"Basi walijitafutia wenyewe," akasema Festo.

Nikamwuliza yeye lini mara ya mwisho aliisoma noti kabla ya kuitia mfukoni. Akarudi kwenye kinu chake.

Mwaka mmoja mvua ikavunja kiangazi. Maji ya chemchemi yakawa chapwa, kuni zikalowa, na Mama Buhoro, mwenye vyungu vitatu vikubwa, akapata vifurushi kumi na viwili tu. Mwaka huohuo mwanawe Buhoro alikuwa amechumbia huko mlimani kwenye migomba, msichana anaitwa Nyandwi, binti wa Mzee Bihemo. Mahari arobaini, na Bihemo si mtu wa kungoja. Nyumba nyingine ilishaanza kupeleka pombe.

Mama Buhoro akafunga mlango wa jiko. Akachukua udongo mweupe wa bondeni, akaukausha, akausaga. Kila kifurushi akaweka chumvi konzi moja juu, konzi moja chini, na katikati akashindilia udongo. Akafunga kwa mikono yake, masikio mawili. Akajiambia kiangazi kijacho nitachemsha ya kweli, nitavizungukia kimyakimya, nitavibadilisha. Mimi naamini alikuwa na nia hiyo. Wengi huanza na nia hiyo.

Mahari ikaenda. Bihemo akaipokea huku anaongea na mwingine. Nyandwi akaja.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kizuri, lakini vifurushi vilishatoka. Nusu Bihemo aliinunulia ng'ombe, nusu akaitundika juu ya moshi. Utaviokota wapi vilivyozunguka, na utawaambia watu nini? Halafu, na hapa ndipo penye tatizo, hakuna aliyelalamika. Kile cha udongo kilinunua jembe sawasawa na kile cha chumvi. Mama Buhoro akatengeneza vingine, vichache tu, vya kupaulia nyumba. Kisha vichache vya kaburi la mumewe. Majirani wakaona vyungu vitatu vinatoa vifurushi vya vyungu saba. Hawakumwuliza, kwa sababu kuuliza ni kumwita mwizi. Walipiga hesabu kimoyomoyo, na wengine wakashuka bondeni kuchimba udongo.

Baada ya miaka mitatu Kamunyu ilijaa vifurushi kila dari. Watu wakajiona matajiri. Ila kuna jambo likawashangaza. Mbuzi aliyekuwa kwa vinne akawa kwa saba, kisha kwa kumi na viwili. Wazee wakaitisha kikao, na mnajua kikao kilijadili nini? Mbuzi. Wakasema wafugaji wana tamaa, mbuzi wa siku hizi wanadekezwa. Wakapiga marufuku kuuza mbuzi zaidi ya vinne. Soko lililofuata hakuna mbuzi hata mmoja aliyeonekana.

Yusta alicheka sana hapo. Akasema ndivyo ilivyokuwa kwa sukari, walipopanga bei, ikahamia chini ya kaunta. Nikamwambia bado hatujafika kwenye kicheko.

Nyandwi hakujua lolote. Mama mkwe alimfundisha fundo la masikio mawili lakini hakumfundisha udongo. Alikuwa na jiko lake upande wa pili wa ua, na alijaza vifurushi vyake chumvi hadi juu, kwa sababu hakujua kuna njia nyingine. Alifunga thelathini na vinne, akavitundika juu ya moshi wake mwenyewe. Alikuwa na mtoto wa miezi minane mgongoni na mume aliyempenda. Buhoro alikuwa mtu mpole, anachanja kuni bila kuambiwa. Wanaume wa namna hiyo walikuwa adimu hata zamani.

Mambo yaliharibikia kwa Mzee Bihemo, kwenye matanga ya dada yake. Watu walikuja kutoka vilima vyote, na katikati ya kupika, kibuyu cha chumvi kikaisha. Mama yake Nyandwi hakuwa na la kufanya. Aliteremsha kifurushi kimoja cha mahari ya mwanawe, akakifungua kwa aibu nyuma ya mlango. Konzi ya kwanza akaitia kwenye nyama, ikawa sawa. Akaja mwingine akazamisha mkono hadi katikati, akamwaga kwenye sufuria kubwa ya maharage. Watu wakajipakulia. Wakatafuna. Kisha wote wakaacha kutafuna kwa pamoja, wakatazamana, kila mmoja akisikia mchanga kwenye meno yake na akiona haya kusema.

Ila habari haikuona haya. Ilifika Kamunyu kabla ya wageni kunawa mikono.

Mngedhani watu wangekwenda kufungua vifurushi vyao na kujua kilichomo. La. Kifurushi kilichofunguliwa hakipokelewi tena, kimekuwa chumvi ya jikoni tu. Kwa hiyo kila mtu alikimbia kukitoa kikiwa kimefungwa, ampe jirani ambaye bado hajasikia. Walilipa madeni ambayo hawakudaiwa. Mtu mmoja alinunua mlango na hana nyumba. Siku mbili, na hapakuwa na jirani ambaye hajasikia. Soko likasimama. Huyu ana ndizi, huyu ana majembe, huyu ana chumvi, na hakuna anayempa mwenzake kitu. Wenye masikio mawili walitemewa mate. Fundo pekee lililokuwa bado linapokelewa lilikuwa la nyumba ya mtemi, kwa sababu watu walisema mtemi hawezi kudanganya.

Hapo ndipo alipotokea Lubunga. Alikuwa mchuuzi wa dagaa kutoka ziwani, mtu mfupi, mchangamfu, asiye na ndugu Kamunyu. Akatandika mkeka sokoni, akasema natoa kikapu kimoja cha dagaa kwa vifurushi ishirini vya masikio mawili. Watu walimcheka, kisha wakamkimbilia. Walimpa vifurushi kama watu wanaotoa takataka, wakaondoka na dagaa wao wakimhurumia.

Festo aliacha kutwanga. "Yule bwana wa kiti cha plastiki," akasema.

"Tulia," nikamwambia. "Mimi nasimulia ya Lubunga."

Nyandwi naye alikwenda sokoni siku ile, si kuuza, alikwenda kutazama. Lilimkera jambo moja. Mtu mwenye akili zake, anayejua kupanga bei ya dagaa, ananunuaje udongo? Akamfuata mpaka nyuma ya kibanda chake. Akamkuta amechutama kati ya malundo mawili ya vifurushi, mkononi ana mwiba mrefu wa nungunungu. Anachoma kifurushi katikati, anauchomoa mwiba, anaulamba. Kimoja anakitupa kulia, kingine kushoto.

"Unafanya nini, baba?" akamwuliza.

"Naonja."

"Huoni aibu?"

"Nimwonee aibu nani? Kifurushi hakina mama." Akalamba tena. "Kwetu samaki tunamnusa mbele ya huyohuyo aliyemvua, na tunabaki ndugu."

Nyandwi akayatazama yale malundo. La kushoto, la udongo, lilimfika magotini. La kulia lilimpita kiuno.

"Hivyo vyote vya kulia ni chumvi?"

"Nzuri kabisa. Nikifika ziwani nitajenga."

"Mbona hukuwaambia watu?"

Lubunga akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Hakuna aliyeniuliza, mama. Waliniuliza tu dagaa ni kiasi gani."

Nyandwi alirudi nyumbani anawaza, na akamkuta baba yake uani.

Mzee Bihemo alikuja na mdogo wake, na kile kifurushi cha matanga. Alikitupa chini kikapasuka, udongo mweupe ukatapakaa miguuni mwa Mama Buhoro. Yule mama hakubisha. Alikaa chini palepale mavumbini, akasema, "Ni mimi. Buhoro hajui, mkewe hajui. Ni mimi."

"Basi mahari haikutolewa," akasema Bihemo. "Na kama mahari haikutolewa, hakuna ndoa. Nyandwi, funga mzigo. Mchukue na mtoto, twende nyumbani."

Buhoro alisimama na shoka lake la kuni mkononi, machozi yanamtoka. Kwa sheria zao mzee alikuwa na haki. Nyandwi alimchukia mama mkwe wake wakati ule kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Lakini kupiga kelele kusingembakiza kwa mumewe, na hilo alilijua.

"Baba," akasema, "ninavyo thelathini na vinne kule jikoni kwangu. Nimevichemsha mwenyewe. Vichukue, vilivyobaki tutavileta."

"Fundo gani?"

"La masikio mawili. Ndilo nililofundishwa."

"Basi ni udongo."

"Onja, baba."

"Sionji kifurushi cha mtu. Sijawahi na sitaanza leo."

Ona mambo hayo. Anakiita udongo bila kukionja, na kukionja anaona ni kukosa adabu. Nyandwi akasema, "Sawa. Lakini mmetembea tangu asubuhi. Hamtakataa chakula."

Chakula hakikataliwi. Wakakaa. Nyandwi akapika ugali na majani ya kunde, na hakutia chumvi hata chembe. Akawaletea chungu kikiwa bado kinachemka, akakiweka mbele yao. Bihemo akachovya, akatafuna, akamtazama mwanawe.

"Haina chumvi."

"Samahani, baba." Akaingia ndani akatoka na kifurushi chake kimoja. Akalifungua lile fundo la masikio mawili, akalikata kutoka kwenye kamba, akalitumbukiza chunguni. Akakoroga. "Onja sasa."

Bihemo alidhani mwanawe amerukwa na akili kwa uchungu. Akaonja kwa huruma. "Bado."

"Ni kwa sababu fundo hilo ni baya," akasema Nyandwi. Akamgeukia baba yake mdogo, ambaye mkobani mwake kilionekana kifurushi chenye fundo la mtemi. Alikuwa amekinunua jana yake kwa ndama jike, maana hicho ndicho kilichokuwa kimebaki na heshima. "Baba mdogo, naomba fundo lako. Fundo tu. Chumvi yako kaa nayo."

Akampa, kwa kushangaa. Nyandwi akalitumbukiza nalo, akakoroga sana, akapakua. "La mtemi hilo. Bila shaka litafaa."

Wote wawili wakaonja. Baba mdogo akatikisa kichwa. Bihemo akaweka tonge chini.

"Halikolezi?" Nyandwi akauliza.

"Halikolezi."

"Fundo halikolezi mboga, baba. La mama mkwe wangu halikolezi, na la mtemi halikolezi. Mlipoliamini fundo mkala udongo. Leo mmelichukia, na mnataka kumwaga chumvi. Kinachokoleza kimo ndani, na ndani ndiko mnakoona haya kutazama."

Akakipasua kifurushi chake katikati, palepale alipopasua baba yake kile cha udongo, akatwaa konzi moja akatia chunguni. Bihemo akachovya tonge. Akatafuna polepole, macho chini. Akachovya tena. Akala mpaka akafika chini ya chungu, akayatoa yale mafundo mawili akayaweka kando.

Yule baba mdogo sasa hakuwa anakula. Alikuwa na kifurushi cha mtemi mapajani, hakina fundo, na mdomo wake umeachama. Akatia kidole, akakizamisha hadi katikati, akakilamba. Mama yangu alipokuwa akisimulia alikuwa anatoa ulimi hapa, kuonyesha jinsi yule mzee alivyoutoa. Ulikuwa mweupe wa udongo.

"Ndama wangu," akasema.

Hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa mtoto mgongoni kwa Nyandwi.

Vile thelathini na vitatu vilivyobaki vilichomwa kimoja kimoja kwa mwiba wa nungunungu, Bihemo akilamba mwenyewe, na vyote vilikuwa chumvi, akavipokea kuwa mahari. Nyandwi akabaki kwa mumewe. Mama Buhoro alichemsha viangazi viwili mfululizo, na kila aliyemletea udongo wenye masikio mawili alimpa chumvi badala yake, mpaka mgongo ukapinda. Nyandwi alimsaidia. Hakumsamehe mara moja, mama yangu alilisisitiza hilo, alimsaidia kwanza na kusamehe kukaja baadaye. Festo akasema kwa hiyo huyo mwanamke alijichemshia mahari yake mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, na si yeye wa mwisho.

Tangu hapo vifurushi vya Kamunyu viliachwa na kitundu ubavuni, kimezibwa kwa mwiba wa nungunungu. Ukipewa, unauchomoa, unaulamba, unasema ahsante. Hiyo ndiyo ikawa adabu. Aliyekasirika kuonjwa, watu hawakugombana naye, walimrudishia kifurushi chake. Na mbuzi akashuka mpaka vitano. Kwa vinne hakurudi tena.

Nilipofika hapo sombe ilikuwa inachemka na karanga zimeingia. Yusta alikuwa amekaa, kitabu chake cha akiba magotini.

"Kwa hiyo yule bwana ameonja," akasema.

"Huenda. Au ni mjinga mwenye hela. Sijui."

"Na mle ofisini ni chumvi au udongo?"

"Mwanangu, mimi ni mpishi. Huenda ni udongo mtupu. Huenda ni nusu kwa nusu. Nyinyi mnaopanga foleni tangu Jumatatu mmeuliza nini pale dirishani?"

Akafikiri. "Tumeuliza leo wanatoa kiasi gani."

"Basi."

Festo akakichukua kile kitabu, akakigeuza, akasoma nyuma maandishi madogo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyasoma. Kwamba mwanachama ana haki ya kuona hesabu za chama, na kwamba wanachama hamsini wakitaka, mkutano lazima uitishwe ndani ya siku saba. Foleni ile ina watu zaidi ya mia mbili.

Yusta akasimama, akatia kitabu mkobani. Nikampa na changu.

"Unakwenda kuuza?" nikamwuliza.

"Nakwenda kutafuta watu hamsini."

"Na wakikataa kufungua?"

"Hapo nitakuwa nimeshaonja kidogo, bibi."

Nikaona kweli amesikia. Festo akachota sombe kwa kijiko kabla ya kuwasha pikipiki, akasema haina chumvi. Nilikuwa nimesahau, kwa maneno mengi. Nikaitia, wakaonja wote wawili, wakatoka.

Pale njiani, mbele ya mlango wangu, wakakutana na jirani yetu Mama Ntiba, anakimbia, kanga inamdondoka, kitabu chake kakikumbatia kifuani. "Yusta, wahi," akasema, "yule bwana anafunga saa kumi."

"Panda, mama. Tunakwenda hukohuko, lakini usimwuzie."

"Nisimwuzie? Chama chenyewe kimeshaharibika jina."

"Fundo halikolezi mboga," akasema Yusta.

Mama Ntiba akamtazama vilevile Yusta alivyonitazama mimi mchana ule. Kisha akapanda, watatu kwenye pikipiki moja, jambo ambalo silipendi. Nikabaki mlangoni na mwiko wangu, na wakishuka kwenye bonde nikamsikia Mama Ntiba akiuliza, "Fundo gani?"